Kumuuguza mzee dhaifu mwenye kidonda kikubwa cha kulalia bila upasuaji

Kidonda kikubwa cha kulalia, ambacho watabibu hukiita pia kidonda cha mgandamizo, humpata mzee asiyeweza tena kujigeuza mwenyewe kitandani: aliyepooza upande mmoja kwa kiharusi, aliyevunjika nyonga, aliyepoteza kumbukumbu, au aliyekonda kwa maradhi ya muda mrefu hadi mifupa ikabaki imefunikwa na ngozi tupu. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya jamaa wanaomuuguza mzee wa namna hiyo nyumbani, pamoja na wauguzi wa zahanati na vituo vya afya wanaomhudumia. Unahusu vidonda vya daraja la 3 na la 4, yaani vile vilivyopita unene wote wa ngozi, pale ambapo upasuaji haufai au haupatikani.

La kwanza kulielewa ni kwamba kidonda hiki hakiponi kwa kile kinachopakwa juu yake. Kinapona kwa kuondolewa uzito uliokisababisha na kwa mwili kupata chakula cha kutosha kujenga nyama mpya. Kukisafisha na kukifunika ni kazi ya kukilinda wakati mambo hayo mawili yanaendelea. Familia nyingi hutumia fedha zao kwa mpangilio uliopinduka: zinanunua krimu na sindano za antibayotiki kila wiki, huku mzee akilala chali kutwa nzima juu ya godoro lililobonyea na akila vijiko vitano vya uji mweupe. Kama ningeweza kuwashauri jambo moja tu kabla hawajafika duka la dawa, ningewaambia fedha za kwanza ziende kwenye godoro, mayai na maziwa.

Kutofanyiwa upasuaji si kunyimwa tiba. Upasuaji wa kuziba kidonda kwa kuhamisha nyama na ngozi kutoka sehemu ya jirani unahitaji dawa ya usingizi, damu ya kutosha, lishe nzuri, na majuma kadhaa ya kulala bila kukalia mshono, na mzee dhaifu mara nyingi hana hata kimoja kati ya hivyo. Zaidi ya hapo, ikiwa chanzo cha mgandamizo hakijaondolewa, kidonda kilichozibwa hurudi palepale. Kwa mgonjwa wa namna hii, uuguzi mwangalifu wa kila siku ndiyo tiba yenyewe.

Kukitambua na kukipima

Kidonda cha daraja la 3 kimepita ngozi na kufika kwenye mafuta yaliyo chini yake. Cha daraja la 4 kimefika kwenye msuli, kano au mfupa. Ikiwa sehemu ya chini imefunikwa na utando wa manjano au gamba jeusi, kina chake hakiwezi kujulikana mpaka utando huo uondoke, na ni salama zaidi kukihesabu kuwa kikubwa. Mahali pake pa kawaida ni juu kidogo ya mpasuo wa makalio, kwenye visigino, kwenye mifupa ya nyonga, na kwenye mifupa ya kukalia kwa mzee anayeshinda kitini.

Mara nyingi uharibifu huanzia ndani, kwa kuwa nyama iliyobanwa kati ya mfupa na godoro hukosa damu na kufa kabla ngozi haijapasuka. Ndiyo maana mdomo wa kidonda unaweza kuwa mdogo huku chini ya ngozi pakiwa na mfuko mpana. Kwenye ngozi nyeusi usisubiri kuona wekundu: gusa kwa mgongo wa kiganja, ukilinganisha na ngozi ya jirani, na uangalie kama sehemu hiyo ni ya moto zaidi au baridi zaidi, ngumu au tepetepe, imeingia weusi wa zambarau, au inamuuma mzee inapoguswa.

Pima kidonda mara moja kwa wiki, siku ileile, mzee akiwa amelala kwa namna ileile, kwa sababu ngozi ya mzee hunyooka na kujikunja na kubadilisha vipimo. Chukua urefu kuelekea kichwani na miguuni, kisha upana, kisha kina kwa kijiti safi chenye pamba kilicholoweshwa maji ya chumvi, ukikiingiza taratibu. Mifuko iliyo chini ya ngozi iandike kana kwamba kidonda ni uso wa saa ya ukutani, namba 12 ikielekea kichwani. Picha ya simu iliyopigwa pamoja na rula, kwa ridhaa ya mzee au ya familia, humsaidia sana muuguzi ambaye hawezi kufika kila wiki.

Familia iambiwe mapema kwamba katika majuma ya kwanza kidonda kinaweza kuonekana kimekua, kwa kuwa nyama iliyokufa ikiondoka huacha shimo lililokuwapo tangu awali. Hilo si kuharibika. Dalili ya kupona ni nyama nyekundu yenye vinundu vidogo vidogo inayojaza kutoka chini, majimaji kupungua, na kingo kuanza kusogea. Ikiwa baada ya wiki 2 za uuguzi mzuri hakuna dalili yoyote kati ya hizo, usibadilishe dawa ya kupaka kwanza. Rudi kwenye ratiba ya kugeuza, chakula, sukari ya damu, upungufu wa damu na uwezekano wa maambukizi, uone ni lipi limelegea.

Kuondoa uzito juu ya kidonda

Kanuni ni moja: mzee asilalie kidonda. Kama kidonda kiko juu ya mpasuo wa makalio, kulala chali kunakoma, na ratiba inakuwa ya kulia na kushoto tu. Kama kiko kwenye nyonga ya kulia, upande wa kulia unakoma. Wenye vidonda sehemu tatu au nne ndio wagumu zaidi kuwauguza, na kwao godoro maalumu halina mbadala.

Kumgeuza hakumaanishi kumlaza ubavu kamili, kwa maana hapo uzito wote huangukia mfupa wa nyonga na kidonda kipya huanzia hapo. Mwinamo unaofaa ni wa nyuzi 30 hivi. Mlaze mzee, kisha ingiza mto uliokunjwa nyuma ya mgongo na mwingine nyuma ya kalio la upande mmoja, mpaka mkono wako ukipita chini yake uthibitishe mambo mawili: eneo la kidonda haligusi godoro, na mfupa wa nyonga ya upande wa chini haujabeba uzito wake wote. Weka mto mwembamba kati ya magoti ili mifupa isisuguane. Chini ya mashavu ya miguu, kuanzia nyuma ya goti hadi karibu na kifundo, weka mto mwingine utakaoviacha visigino vikielea hewani. Karatasi ipite chini ya kisigino bila kugusa. Goti likunjwe kidogo, lisinyooshwe kwa nguvu.

Muda wa kugeuza unategemea mzee na godoro lake. Kwenye godoro la kawaida anza na kila saa 2, na kwenye godoro bora la sponji nene au la hewa unaweza kufika saa 3 au 4, mradi ngozi haionyeshi alama mpya unapoitazama. Ratiba ya kila saa 3 ni rahisi kuikumbuka: saa 12, saa 3, saa 6 na saa 9, mchana na usiku. Ibandike ukutani ikiwa na safu ya kuweka alama na jina la aliyegeuza, kwa kuwa pale ambapo kila mtu anadhani mwenzake amegeuza, hakuna aliyegeuza. Nyumba nyingi za Waislamu huifungamanisha ratiba na swala, na utaratibu huo unasaidia, ila kumbuka kwamba kati ya isha na alfajiri kuna saa nyingi, hivyo lazima iwekwe zamu ya usiku wa manane.

Kumburuta mzee juu ya shuka ni hatari kama kumlaza pabaya, kwa sababu ngozi hubaki ilipo huku mfupa ukisogea, na mishipa midogo ya damu iliyo katikati hukatika. Wawe watu wawili, mmoja kila upande, na shuka imara iliyokunjwa mara mbili iwe chini yake kuanzia mabegani hadi mapajani. Wote wawili waikamate karibu na mwili wake, waseme pamoja, wanyanyue, ndipo wasogeze. Khanga nyepesi iliyochakaa haifai kwa kazi hii kwani hupasuka. Kichwa cha kitanda kisiinuliwe zaidi ya nyuzi 30 isipokuwa wakati wa kula na nusu saa baada yake, maana mzee aliyeegemezwa wima huteleza polepole kuelekea miguuni na kidonda cha makalio kinasuguliwa kila dakika.

Kuhusu godoro, lililobonyea katikati lisitumike, na kitanda cha kamba kilicholegea kinahitaji ubao juu yake kabla ya godoro. Godoro la hewa lenye pampu, lile la vijumba vinavyojaa na kupungua kwa zamu, ni msaada mkubwa, lakini halifuti kazi ya kugeuza. Lipime kila siku kwa kuingiza kiganja chini yake, mahali yalipo makalio: ukihisi mwili wa mzee umekaribia kiganja chako, chini ya sentimita 2.5 hivi, godoro hilo halimbebi. Umeme ukikatika kwa muda mrefu hewa hupungua na mzee hubaki juu ya mbao, kwa hiyo godoro la sponji libaki chini yake wakati wote. Juu ya plastiki ya kukinga mkojo litandikwe shuka la pamba lisilo na mikunjo, hasa maeneo ya pwani ambako jasho halikauki.

Kuna desturi tatu zinazopaswa kuachwa, ingawa hufanywa kwa nia njema hata katika wodi. Pete ya mpira au tairi chini ya makalio hukaba damu kuzunguka kidonda na kukizidishia ukosefu wa damu katikati. Glovu zilizojazwa maji chini ya visigino hazisambazi uzito. Na kukanda kwa mafuta sehemu iliyobadilika rangi huharibu mishipa ambayo tayari imejeruhiwa. Mafuta ya kulainisha ngozi kavu yapakwe kwa wepesi, mbali na sehemu hizo.

Mzee anayependa kukaa asinyimwe kukaa, kwa kuwa mapafu na moyo wake vinahitaji hilo. Ikiwa kidonda kiko makalioni, akae kitini juu ya mto mzuri mara tatu kwa siku, kila mara isizidi dakika 60, na wakati wa mlo ndio unaofaa zaidi.

Chakula na maji

Mzee mwenye kidonda cha namna hii anahitaji kati ya kilokalori 30 na 35 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, na protini gramu 1.25 hadi 1.5 kwa kila kilo. Kwa mwenye kilo 45, hiyo ni protini gramu 56 hadi 68 hivi kila siku, kiasi ambacho uji wa mahindi mtupu hauwezi kukifikia hata akinywa sufuria nzima. Mayai mawili hutoa gramu 12. Vikombe viwili vya maziwa, fresh au mgando, hutoa 16. Kipande cha samaki cha gramu 100 hutoa 20 hivi. Nusu kikombe cha maharage yaliyoiva hutoa 7, na konzi ya karanga zilizosagwa hutoa 7 nyingine. Jumla ni 62, na vyote hivyo hupatikana sokoni. Dagaa waliokaushwa, wakatolewa vichwa, wakasagwa laini na kuchanganywa kwenye uji au mchuzi, huongeza protini bila kuongeza wingi wa chakula, na wingi ndio unaowashinda wazee.

Mpe kidogo kidogo mara sita, akiwa ameketi wima kitini au ameinuliwa kitandani, na abaki wima nusu saa baada ya kula. Mzee anayekohoa au kupaliwa kila akinywa maji ana tatizo la kumeza. Apimwe kwanza, na apewe vinywaji vizito kama mtindi na uji mzito badala ya kulazimishwa maji. Aliyekaa siku nyingi bila kula chochote cha maana asijazwe chakula siku ya kwanza, kwani chumvichumvi za damu yake zinaweza kushuka ghafla. Ongeza kwa siku kadhaa chini ya uangalizi wa tabibu. Mwenye ugonjwa wa figo apangiwe kiasi chake cha protini na daktari. Mwenye kisukari asinyimwe chakula kwa hofu ya sukari, bali sukari ipimwe na dawa zirekebishwe. Vidonge vya vitamini na zinki vinasaidia palipo na upungufu, lakini havichukui nafasi ya yai.

Kusafisha kidonda

Mpe dawa ya maumivu nusu saa hadi saa moja kabla ya kufungua kidonda. Parasetamoli ya gramu 1 inamfaa mzee mwenye kilo 50 au zaidi. Wa chini ya hapo apewe miligramu 500, na isizidi mara nne kwa siku. Kwa mwenye maradhi ya ini, aulizwe tabibu kwanza. Diklofenaki na jamii yake zisitolewe bila daktari, maana figo na tumbo la mzee havizihimili.

Osha kwa maji ya chumvi ya dripu, yale ya asilimia 0.9, na uhakikishe chupa si ya glukosi. Yasipopatikana, chemsha maji safi kwa dakika 20 yakiwa yamefunikwa, tia kijiko kimoja cha chai cha chumvi kilichosawazishwa kwa kila nusu lita, yaache yapoe, na yatumike siku hiyohiyo. Vuta maji kwa bomba la sindano la mililita 20 au zaidi, bila sindano, na umwagie kidonda kwa msukumo wa wastani ukifikia kila mfuko, mpaka maji yanayotoka yawe meupe. Kusugua kwa gozi kavu (kile kitambaa chepesi cha hospitali cha kufungia vidonda) hakusafishi, kunachuna nyama changa.

Spiriti, haidrojeni peroksaidi, dawa za kusafishia sakafu na dawa ya zambarau ya GV visiingie kwenye kidonda hiki: nyingine huua chembe mpya, na GV huficha rangi ambayo ndiyo unayohitaji kuiona. Unga wa kapsuli za antibayotiki, ule uliozoeleka kunyunyiziwa, hukauka na kuwa ganda huku ukizalisha vijidudu sugu. Majivu, majani yaliyopondwa na kinyesi cha ng'ombe huweza kuleta pepopunda, na kwa sababu hiyo ni vyema kuuliza zahanati kuhusu chanjo ya mzee.

Nyama iliyokufa lazima iondoke ili kidonda kijae, lakini kwa mzee dhaifu haina haja ya kuondolewa kwa haraka. Unyevu chini ya kifungio, yaani kile kinachofunika kidonda, huilainisha yenyewe kwa siku kadhaa, na jeli ya vidonda huharakisha. Iliyolegea inaweza kukatwa na muuguzi aliyefundishwa, kitandani, kwa mkasi safi, akiishia pale ambapo damu au maumivu yanaanza, na kwa mzee anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda awe mwangalifu mara mbili. Jamaa wasijaribu. Gamba jeusi, kavu na gumu la kisigino lisilo na usaha wala uvimbe liachwe lilivyo, likiwa safi na kavu, kwani ndilo bandeji ya asili ya mguu ambao huenda hauna damu ya kutosha. Likianza kulegea au kutoa majimaji, mwite muuguzi.

Kujaza na kufunika

Kidonda chenye shimo kikifunikwa juu tu, mdomo unaweza kuziba huku ndani pakibaki na usaha. Kwa hiyo kijazwe, lakini kilegee. Chukua gozi ndefu isiyochanika nyuzi, ilowanishe kwa maji ya chumvi, ikamue mpaka isidondoke, kisha iingize kwa kijiti ukiikunjua, ukianzia kwenye mifuko iliyo chini ya ngozi na kumalizia katikati. Igusane na kila ukuta wa kidonda bila kukandamiza. Ukiona umeanza kusukuma, umezidisha, na gozi iliyobana inakuwa mgandamizo mpya kutokea ndani. Tumia kipande kimoja kirefu kuliko vingi vidogo, acha ncha yake nje, na andika idadi ya vipande ulivyoweka ili vitoke vyote, kwa kuwa kipande kilichosahaulika kwenye mfuko huozesha kidonda kwa majuma. Ngozi ya pembeni ipakwe mafuta mazito au krimu ya zinki isilowe.

Gozi hiyo ibadilishwe mara mbili kwa siku au zaidi, kabla haijakauka. Ile desturi ya kuiacha ikauke ndipo ing'olewe ili itoke na uchafu inang'oa nyama mpya pia, na inamuumiza mzee bila faida. Ikiwa imegandamana, ilowanishe na usubiri. Vifungio vya kisasa vina nafuu ya kukaa muda mrefu: vya sponji na vya aljineti (nyuzi za mwani zinazofyonza) kwa kidonda chenye majimaji mengi, jeli kwa kikavu, na vya haidrokoloidi (bandeji ya kunata inayotunza unyevu) kwa kisicho na kina kirefu wala maambukizi. Bei yake inaonekana kubwa, lakini kifungio kinachokaa siku 3 hadi 5 kikilinganishwa na gozi na mikono ya mara mbili kwa siku, tofauti hupungua, na mzee hupumzika.

Pale vifungio hivyo visipopatikana, gozi yenye unyevu inaweza kufunikwa kwa plastiki nyembamba safi ili isikauke. Nchini Japani wapo madaktari wanaotumia hata plastiki ya kufungia chakula, na mwaka 2010 chama cha nchi hiyo kinachoshughulikia vidonda hivi kilieleza kwamba njia hiyo inaweza kufikiriwa nyumbani pale vifaa vya tiba ni vigumu kupatikana, kwa sharti la kusimamiwa na daktari mwenye ujuzi na kukubaliwa na mgonjwa na familia yake. Asali iliyotayarishwa kwa ajili ya vidonda inasaidia kidonda kichafu. Ya barabarani haijulikani imechanganywa na nini. Krimu ya silva salfadiazini na iodini ya povidoni zina nafasi kwa siku chache palipo na maambukizi, na ziachwe nyama nyekundu ikishaonekana.

Mkojo na choo visikifikie. Badilisha pampasi mara inapochafuka, osha kwa maji bila kusugua, paka krimu ya zinki. Choo cha majimaji kinachovuja kila saa mara nyingi hutokana na choo kigumu kilichoziba juu yake, kwa hiyo apimwe kabla ya kupewa dawa ya kuzuia kuhara. Mpira wa mkojo unaweza kuwekwa kwa muda kwa kidonda kikubwa kinacholowa kila mara, na siku ya kuutoa ipangwe. Chandarua kitumike hata mchana kuzuia inzi. Mabuu yakionekana, yatolewe kwa kibano na kidonda kioshwe sana. Wale wanaotumika hospitalini katika nchi nyingine hufugwa katika usafi maalumu na hawahusiani na hawa.

Maambukizi, harufu na maumivu

Kila kidonda kilicho wazi kina vijidudu, na kutoa majimaji pekee si sababu ya antibayotiki. Zinahitajika pale uvimbe, joto na maumivu vinapoenea kwenye ngozi ya pembeni, mfupa unapoambukizwa, au vijidudu vinapoingia kwenye damu. Kipimo cha pamba iliyopitishwa juu ya kidonda huonyesha wakazi wa juu tu na kinaweza kupotosha uchaguzi wa dawa. Mfupa ukionekana au ukigusika kwa kijiti, mzee aonwe na daktari.

Mzee anaweza kuambukizwa vikali bila homa. Kuchanganyikiwa ghafla, kukataa chakula, kupumua haraka, mwili kuwa baridi na kutokwa jasho, mkojo kupungua sana, ngozi ya pembeni kuwa nyeusi kwa saa chache au kutoa mlio wa hewa inapobonyezwa, na damu isiyokoma baada ya kukandamiza dakika 10: lolote kati ya haya ni la kwenda hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku.

Harufu humdhalilisha mzee na kuwafukuza wageni, na ina dawa. Katika huduma za tiba shufaa, yaani za kumpunguzia mgonjwa mateso, vidonge vya metronidazoli husagwa unga laini na kunyunyizwa kwenye kidonda kilichooshwa, kwa maelekezo ya muuguzi; dawa hii inalenga vijidudu vinavyotoa harufu na si sawa na ule unga wa kapsuli uliokatazwa hapo juu. Karai la mkaa usiowashwa chini ya kitanda na madirisha wazi husaidia zaidi ya manukato.

Maumivu yasiyotulizwa na parasetamoli yanastahili mofini ya maji. Wapo wanaoiogopa wakidhani ni dawa ya kukatisha maisha, ilhali ikitolewa kwa kipimo kidogo na kuongezwa taratibu ni salama kwa wazee. Inafunga choo, hivyo iandamane na dawa ya kulainisha. Uganda ilitangulia katika ukanda wetu kuwafikishia wagonjwa mofini hiyo majumbani kupitia Hospice Africa Uganda iliyoanza mwaka 1993, na huduma za tiba shufaa zipo pia Kenya na Tanzania. Uliza hospitali ya rufaa iliyo karibu nawe.

Kidonda kikifunga, na kisipotarajiwa kufunga

Kidonda cha daraja la 4 huchukua miezi, na kikifunga kinabaki kuwa mahali dhaifu, kwa kuwa kovu halirudishi nguvu yote ya ngozi ya awali wala msuli uliopotea. Ratiba ya kugeuza na godoro viendelee vilevile, na kovu litazamwe kila anapooga.

Wapo wazee ambao kidonda chao hakitafunga, kwa sababu moyo, figo au saratani imewafikisha mwishoni, na ngozi yenyewe inashindwa kama viungo vingine. Kwa mtu wa namna hiyo lengo libadilishwe waziwazi, kwa mazungumzo kati ya familia, tabibu, na mzee mwenyewe akiweza: asiumie, asinuke, asitokwe damu, asisumbuliwe. Chagua kifungio kinachokaa siku nyingi, acha kukata nyama iliyokufa, mpe chakula anachokitaka badala ya kuhesabu gramu. Mgeuze kwa ajili ya starehe yake, baada ya dawa ya maumivu, na kama upande mmoja ndio pekee anaopumua vizuri, alale upande huo hata kidonda kikiwa huko. Uamuzi huu uandikwe kwenye daftari lake na usomwe na kila anayeingia zamu, ili muuguzi mgeni au ndugu aliyetoka safari asije akaurudisha utaratibu wa zamani, na jamaa waliomuuguza wasilaumiwe kwa kidonda ambacho mikono yao haikukisababisha.